Mpe ungo, kalamu itakuja

Juzi usiku nimeletewa meseji na dada mmoja wa Nachingwea. Mwanawe ana miaka mitano, "hashiki kalamu, ukimkalisha dakika tano keshatoka kuchimba udongo, nifanyeje?" Nikaisoma nikacheka, nikairudia machozi yakanilengalenga, maana huyo anayemweleza ni wangu mtupu, miaka mitatu iliyopita.

Wangu nilimpeleka chekechea moja hapa Mtwara mjini akiwa na miaka minne. Ada nimelipa, sare nimeshona, kibegi cha katuni mgongoni. Muhula haujaisha, naitwa. Mwalimu ananiambia mbele ya wazazi wengine wawili: "Mama, huyu kichwa chake kizito. Wenzake wanaandika mpaka ishirini, yeye anahesabu sisimizi." Anahesabu sisimizi! Kati yetu wote mle ofisini hakuna aliyesikia kwamba kumbe mtoto anahesabu. Hata mimi sikusikia. Niliona aibu tu, nikamvuta mkono mpaka kwenye bodaboda.

Nikamtoa. Msinielewe vibaya: elimu ya msingi kwetu Tanzania ni lazima kisheria, na shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, kwa hiyo simshauri mtu amfungie mtoto ndani. Nazungumzia ile miezi ya kungojea darasa la awali.

Nilianza vibaya. Niliihamishia shule sebuleni: ubao, chaki, daftari la mistari, saa mbili kamili tumekaa. Siku ya tatu alijificha uvunguni. Zile wiki mbili sitaki hata kuzikumbuka, tulilia wote wawili.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, aliyeshuka kutoka Newala na mfuko wa mbaazi. Akamkalisha mjukuu wake mkekani, akampa ungo. "Mume wangu, nichagulie mbovu." Yule asiyekaa dakika tano alikaa mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Nzima huku, mbovu huku, zilizotobolewa na wadudu peke yake. Bibi akauliza, "Zipi nyingi?" Mtoto akazipanga mistari miwili, mbaazi ikiitazama mbaazi, mpaka mstari mmoja ukaisha na mwingine ukabaki na tano zisizo na wenzao. "Hizi zimezidi tano." Mimi niko jikoni namenya vitunguu, nadhani wanacheza.

Oktoba, msimu wa korosho ulipochanganya, na mimi nikajiona mwalimu. Tukaazima mizani kwa jirani, tukapima kilo moja ya korosho ghafi, tukazimwaga, tukazitenga kumi kumi. Zilikaribia mia mbili. Korosho nzuri huwa hapo, kati ya 180 na 210 kwa kilo. Zikizidi sana ujue ni ndogo ndogo, na wanaopima ubora huzihesabu hivyo hivyo. Mwanangu alivimba kichwa kusikia anafanya kazi ya watu wazima.

Simu ikaita. Nikatoka nje kutafuta mtandao. Narudi, anatafuna korosho na ganda lake.

Watu wa kusini mafuta ya ganda la korosho mnayajua. Midomo ilivimba, ikawa myeusi, ngozi ikachubuka. Nilikimbia naye zahanati kanga moja, sikumbuki hata kama nilifunga mlango. Baba yake hakunisemesha siku mbili na alikuwa na haki. Kwa hiyo ninapokwambia mpe mtoto vitu vya kushika, nakwambia na wewe ukae hapo hapo. Ukiondoka, ondoka navyo.

Baada ya hapo masomo tukayahamishia pwani. Sisi ni watu wa Mikindani, ghuba iko mlangoni. Siku moja saa nne asubuhi, maji yamejaa, tulichomeka kijiti pale yalipoishia. Kesho yake saa nne ile ile tunakikuta kimesimama pakavu. Akakasirika, akasema kuna mtu amekihamisha. Tukangoja. Ikapita karibu saa nzima ndipo maji yakaja yakakilamba, yakakipita. "Kumbe yamechelewa," akasema. Siku ya tatu yakachelewa tena zaidi, maana bahari kila siku husogea kama dakika hamsini. Bibi akamwambia ni mwezi unaoyavuta. Basi ikawa kila usiku lazima atolewe nje akaangalie mwezi umefika wapi, na wakati huo mimi nataka alale.

Na maji yakipwa, ule mchanga mbichi ndio ukawa daftari. Herufi kubwa kuliko yeye, anaikanyaga kwa miguu kwanza, kisha kijiti, kisha kidole: a, e, i, o, u, halafu ma, me, mi, mo, mu. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza, Nyumba ya Watoto, kule Roma mwaka 1907, alitengeneza herufi za msasa ili watoto wazipitishie vidole. Sisi msasa tunao ghuba nzima, bure.

Wazazi wenzangu, tuache kukimbizana na vyeti vya chekechea. Mtoto mpe kazi ya kweli ya mikono. Achague mbaazi, apime unga, apange sahani. Sisemi umtumikishe, nasema umshirikishe. Tunanunua michezo ya plastiki ya bei mbaya, halafu mtoto akigusa ungo tunamfukuza jikoni! Mpe kazi ya kweli, narudia.

Wangu sasa yuko darasa la pili, shule ya serikali, na ripoti ya muhula imesema anasoma vizuri na hesabu zote kapata. Mwandiko bado ni wa kuku. Yule mwalimu nilikutana naye sokoni mwezi uliopita, nikamwamkia, akaniuliza mtoto hajambo, nikasema hajambo, anahesabu. Sijui kama alinielewa.

Dada wa Nachingwea, anza na kikombe kimoja tu cha mbaazi. Mimi siku ya pili nilimmwagia ndoo nzima ya sadolini, na tuliziokota mpaka magharibi.