Napiga piano ya jazi, nani atanilipa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Moshi. Kinanda nilianza kanisani nikiwa na miaka 9, na jazi nimejifundisha mwenyewe kwa kusikiliza na kurudiarudia mpaka vidole vikashika. Nina miezi minane Dar. Nimezunguka hoteli na migahawa ya Masaki na Oysterbay nikiacha karatasi yenye picha na namba yangu, hakuna aliyepiga. Mgahawa mmoja waliniambia nipige bure Ijumaa tatu ili "wanione". Nikapiga. Ijumaa ya nne nafika nakuta wameweka DJ. Sasa naishi kwa posho ya kanisani na wanafunzi wawili ninaowafundisha majumbani. Je, nchi hii kuna anayelipa mpiga piano wa jazi, au nirudi nyumbani?
Mpiga piano, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hizo Ijumaa tatu zimeniuma kwa sababu nami zilinipata, nilipokuwa na umri kama wako, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Wanaolipa wapo. Mimi nimesomesha watoto wawili kwa piano. Tatizo ni kwamba umebisha hodi kwenye mlango usiofunguka kwa karatasi.

Kwanza neno lenyewe. Mwambie mtu mzima wa Dar kwamba unapiga jazi, kichwani mwake yataingia magitaa, tarumbeta na watu wanaocheza. Ana haki. Neno hilo wazee wetu walilichukua zamani wakalipa maana yao: Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz ndiko alikong'aa Mbaraka Mwinshehe, na Nuta Jazz iliyoanzishwa 1964 iko hai mpaka leo kwa jina la Msondo Ngoma. Yote hiyo ni dansi, tena dansi kubwa. Kwa hiyo meneja Mtanzania akisoma "mpiga piano wa jazi" anawaza bendi nzima na gharama yake. Meneja mgeni naye anawaza muziki mgumu utakaowafanya wateja waombe bili mapema. Wote wawili wanaiweka karatasi yako kwenye droo. Jina la muziki usiliuze. Waambie hivi: "Napiga piano wakati wa chakula cha jioni, saa moja hadi saa nne, kwa sauti ambayo watu wanaweza kuongea." Hapo meneja wa vyakula na vinywaji anaelewa ananunua nini. Ukishakaa kwenye kiti, jazi utaipiga, nani atakuzuia?

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni hili: kazi zangu nyingi sikupewa na meneja yeyote. Nilipewa na waimbaji na wapiga besi. Hoteli ikitaka muziki haitafuti mpiga piano, inamtafuta mwimbaji, kwa sababu mwimbaji ndiye anayeonekana. Mwimbaji ndiye anayetafuta piano. Nakumbuka dada mmoja alinipigia saa tano asubuhi, mpiga piano wake kalazwa na malaria, shoo ni jioni hiyohiyo. Tulikuwa tumepiga pamoja mara moja tu, kwenye send-off ya mtu huko Kijitonyama. Siku ile sauti yake ilikuwa imechoka, akaniomba tushushe kii, yaani ngazi ya sauti, nusu hatua, kila wimbo. Sikuuliza swali, nikashusha. Hilo ndilo alilokumbuka, na jioni ile ikanizalia miaka minne ya Alhamisi na Jumamosi kwenye hoteli moja.

Hata kwa wakubwa ilikuwa hivyo. Mpiga piano Abdullah Ibrahim wa Cape Town, enzi hizo akiitwa Dollar Brand, alikuwa akipiga kwenye klabu moja mjini Zurich mwaka 1963 bila dunia kumjua. Aliyemfuata Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi mashuhuri wa bendi wa Marekani, na kumshawishi aje kumsikiliza alikuwa mwimbaji, Sathima Bea Benjamin, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Ellington alikuja, akasikia, akawarekodi.

Kwa hiyo tafuta waimbaji. Nenda wanakopiga laivu, kaa mbele, subiri wamalize, salimia kwa heshima. Usiombe kupanda jukwaani siku ya kwanza. Uliza mazoezi yao ni lini. Na nyumbani, chukua nyimbo kumi unazozijua sana na uzipige kwenye kii zote kumi na mbili. Ni kazi ya kuchosha na hakuna atakayekupigia makofi, lakini mwimbaji akisema "leo nipe E fleti" usikunje uso.

Niseme na la mkono wa kushoto, kwa kuwa umelelewa kanisani kama mimi. Kanisani tunapiga peke yetu, kwa hiyo mkono wa kushoto unazoea kubeba besi yote. Ukikaa na mpiga gitaa la besi ukaendelea hivyo, mnagongana huko chini, sauti inakuwa tope, naye hatakuambia. Atanyamaza tu, na wiki ijayo watamwita mwingine. Besi akiwepo, mkono wa kushoto panda juu au nyamaza. Mimi niliambiwa hivyo na mzee mmoja mpiga besi, baada ya mwaka mzima wa kutoitwa na mtu, na nilitamani angeniambia mapema.

Akiba ya nyimbo nayo ihesabu. Jioni ya kawaida ni seti tatu za dakika 45, kila seti nyimbo tisa au kumi. Hiyo ni karibu thelathini kwa usiku mmoja. Ukipata sehemu ya siku mbili kwa wiki na hutaki wahudumu wachoke na wewe, uwe na sitini kichwani, si kwenye simu. Humo weka nyimbo za zilipendwa ulizozipanga kwa mkono wako mwenyewe. Mzee aliyekuja kula na mkewe akisikia wimbo wa ujana wake unapigwa kwa piano taratibu, anageuka na kiti. Nimeyaona hayo mara nyingi, na bado yananigusa.

Kuhusu chombo: pwani yetu haina huruma na piano. Unyevu unavimbisha mbao, nyuzi zinashika kutu, na wakati wa masika piano inapanda sauti mpaka mpiga saksafoni anahangaika. Usikubali kazi kabla hujaenda mchana kugusa vitufe vyote 88, kimoja kimoja. Hoteli moja nilikuta piano imewekwa mapokezi, mlango unaotazama bahari uko wazi mchana kutwa. F iliyo chini ya C ya kati ukiibonyeza haipandi, inabaki imelala mpaka uinue kwa kucha. Fundi hakuna, shoo ni kesho. Usiku ule nikahamisha nyimbo zote kwenye D, G na A, ambako F ya kawaida haina kazi, kuna F shapu. Kwenye blues, ambayo kwa D roho yake ni hiyohiyo F, niligusa F nyingine iliyo juu yake. Hakuna mgeni aliyejua. Angejua kama nisingeenda mchana.

Ukibeba kinanda chako, kiwe cha vitufe 88 vyenye uzito, na ubebe pedali, stendi, ekstensheni na UPS ndogo, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kidogo kuwaka, na kinanda kikizima hapo katikati, kinarudi na sauti kiliyozaliwa nayo. Gharama ya bajaji au gari iandike kwenye bei tangu mwanzo, usiitoe mfukoni.

Sasa pesa. Bure usipige tena, mwanangu. Anayetaka kukusikia mtumie video ya dakika tatu, uso na mikono vionekane, imerekodiwa mahali penye watu wanaokula, si chumbani. Akitaka zaidi, mwambie utapiga seti moja, dakika thelathini, siku ya Jumanne yeye akiwepo na mhasibu wake. Seti moja ni majaribio. Ijumaa tatu ni kazi, na mgahawa ule ulijua.

Hoteli kubwa zinalipa kwa ankara, kwa hiyo chukua TIN, namba ya mlipakodi, na ujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukienda kupiga Zanzibar, huko baraza lao la sanaa ni BASSFU. Ukiandika ankara ya shilingi 200,000, hoteli itakata kodi ya zuio asilimia 5, yaani 10,000, nawe utapokea 190,000. Hapo hujadhulumiwa, ila dai cheti cha zuio, maana kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Wengi wetu tulikuwa tunaviacha vyeti hivyo mezani kwa kutojua.

Na ujue majira. Kwaresima na Ramadhani sherehe zinapungua. Aprili na Mei, mvua za masika, hoteli kadhaa za Zanzibar hufunga kabisa. Pesa ya Desemba ndiyo inayokula Aprili. Ila Aprili hiyohiyo ina tarehe 30, Siku ya Kimataifa ya Jazi iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011. Usisubiri uitwe. Mwezi Februari andika pendekezo la ukurasa mmoja, wewe na mwimbaji na mpiga besi, bei iwe juu, peleka Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, na hoteli mbili. Februari hiyohiyo, ukipata nauli ya boti, vuka kwenda Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar. Pale hapandi jukwaani asiyepiga laivu, na mjini utakutana na vijana waliopita Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanza 2002. Wengi wao wanazijua hoteli za huko kwa majina ya mameneja.

Moshi usirudi bado. Wanafunzi wako wawili wafanye wanne, hiyo ndiyo kodi ya chumba, kisha wiki hii tafuta mwimbaji mmoja.

SWALI: Mwalimu, mimi na mwenzangu wa piano tunaimba hotelini huku Nungwi kila Ijumaa. Tuna miezi miwili hatujalipwa. Meneja ni mtu mwema, kila wiki anasema "wiki ijayo". Tufanye nini bila kuharibu uhusiano?
Mwimbaji, Zanzibar

JIBU: Mdogo wangu, meneja mwema hatoi hundi, anayetoa ni mhasibu. Andikeni ankara moja yenye tarehe za Ijumaa zote mlizopiga, mkono kwa mkono kwa mhasibu, nakala kwa meneja, na mhasibu atie sahihi kwenye nakala yenu kwamba kapokea. Muulizeni siku ya malipo ni ipi, muiandike hapohapo mbele yake. Ikipita, mtumieni meneja ujumbe wa heshima Jumatano, kwamba Ijumaa hamtakuja mpaka deni liishe, ili apate muda wa kujipanga. Kisha Ijumaa hiyo kweli msiende.