Barua kwa mwanangu: usisubiri Lusajo aongee kwanza

Mwanangu Atupele,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema mjukuu wangu Lusajo ametimiza miaka sita na maneno yake hayafiki kumi. Unaniuliza umwandikishe Januari hii au usubiri mwaka mmoja aongee kwanza, na ukimwandikisha, uwaambie walimu kwamba ana usonji au unyamaze wamwone wenyewe. Jambo hili ni zito kulimaliza kwa simu yenye mtandao wa kukatika. Shangazi yako anapanda basi kesho kutwa kuja Iringa, atakuletea barua hii pamoja na ndizi.

Mwandikishe. Na waambie.

Kusubiri aongee ni kusubiri kitu ambacho huna tarehe yake. Wapo watoto wenye usonji wanaoanza kuongea wakiwa wakubwa, na wapo wasioongea kabisa lakini wanasoma kwa picha, kwa ishara na kwa kuandika. Kukaa ndani na dada wa kazi na televisheni hakutamwongezea maneno. Mama mkwe wako mheshimu, mpikie, ila habari zake za mganga usizijibu hata kwa ubishi.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata mama yako nilimwambia tukiwa tumeshazeeka. Mwaka 1987 nilipangiwa shule yangu ya kwanza, huku huku Rungwe, nikapewa darasa la kwanza. Watoto walizidi sabini na wengi walikaa chini. Kulikuwa na msichana mmoja aliyenikodolea macho usoni tangu naingia mpaka natoka. Nikimwita akiwa amegeuka, haitiki. Nikimuuliza swali, ananitazama mdomo. Wewe unajua mila zetu: mtoto hamkazii macho mtu mzima. Nikaona ananidharau, nikamhamishia nyuma kabisa, karibu na dirisha. Baada ya likizo ya Pasaka hakurudi, na mimi sikumfuatilia. Miaka kadhaa baadaye nikakutana na bibi yake sokoni, ndipo nikasikia kwamba mtoto yule alikuwa hasikii vizuri tangu alipougua homa kali. Alikuwa anasoma midomo. Nami nilimpeleka mahali ambapo mdomo wangu hauonekani.

Sikuwa mwalimu mkatili, mwanangu. Hakuna aliyeniambia, basi. Bibi aliogopa kusema kwa sababu alidhani mtoto atakataliwa. Ndiyo maana unaponiuliza kama unyamaze walimu wamwone wenyewe, nakwambia watamwona, lakini wataona kitu kingine. Lusajo akiziba masikio wataona kiburi. Akikimbia nje wataona utoro.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako, shule haina ruhusa ya kumkataa kwa sababu ya hali yake. Lakini usiingie ofisini na sheria mkononi kama mtu aliyekuja kudai deni. Iweke kwenye mkoba. Nenda wiki hii, kabla shule hazijafungwa, kwa maana siku ya kufungua mwalimu ana foleni ya wazazi mpaka mlangoni na hatakusikia. Ukimaliza na mwalimu mkuu, omba kuonana na atakayeshika darasa la awali. Huyo ndiye atakayekaa na mtoto. Muulize kama shuleni kuna aliyesomea elimu maalumu, pale chuo cha ualimu Patandi au kwingineko. Kama yupo, mshukuru Mungu. Kama hayupo, bado mtu mwenye moyo anafundishika.

Mwandikie ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili cha kawaida, usimjazie maneno ya hospitali. Andika kwamba akitaka kwenda chooni huvuta suruali yake. Kelele za ghafla humtisha. Ukimshika mkono kwa nguvu hulia, lakini ukitangulia mbele atakufuata. Akichoka hupanga vifuniko vya soda, na akiachwa avipange dakika chache hurudi. Ukurasa kama huo ungenitosha mimi mwaka 1987.

Umenigusia pia shule ya bweni ambayo jirani yako anaisifu. Sitaki. Bweni lina kazi yake, na kwa mtoto wa kijiji cha mbali wakati mwingine ndiyo njia pekee. Ila wewe unaishi Kihesa na miguu unayo. Mtoto wa miaka sita asiyeweza kusimulia yaliyompata usiku alale kwenu. Kama kuna shule ya kutwa yenye kitengo cha elimu maalumu unayoweza kuifikia kwa bajaji, itazame kwanza hiyo, hata kama si ya jirani kabisa.

Kisha ile Desemba nzima itumie. Mpeleke shuleni kukiwa kutupu, kwa njia ileile kila mara, aguse kuta, akae kwenye dawati, mrudi nyumbani. Mlinzi mwombeni vizuri. Msishinde huko, robo saa inatosha.

Choo usikisahau. Wazazi huhangaikia penseli na madaftari, kumbe mtoto hajawahi kuona tundu la shimo lenye giza na inzi. Mwonyeshe, mshike, afanye mazoezi mkiwa wawili. Mtoto anayebana haja tangu saa mbili asubuhi hawezi kusikia a, e, i, o, u ya mtu yeyote.

Sweta linunue sasa hivi. Jipya linawasha, na Lusajo wako hata lebo ya fulana humtoa machozi. Kata lebo, lifue mara nne tano mpaka lilegee, alivae nyumbani jioni. Mwezi wa sita na baridi ya huko hutapata nafasi ya kumbembeleza.

Halafu mvua. Shule zinafungua Januari, katikati ya masika yetu, na madarasa mengi hayana dari. Mvua ikipiga bati hata mimi nilikuwa naacha kufundisha, nawaandikia ubaoni na kukaa. Kwa mtoto kama wako ni sawa na mawe kichwani. Omba akae karibu na mlango, na umwombee ruhusa ya kofia ya sufu inayofunika masikio. Mwalimu akijua sababu hatamvua.

Wiki mbili za kwanza omba aondoke baada ya uji. Ni bora atoke akiwa bado anataka kukaa kuliko aburuzwe akilia. Ukimwacha, muage. Usimtoroke akiwa ametazama pembeni, maana kesho yake hatageuza shingo hata kidogo. Huenda akaanza tena kukojoa kitandani, huenda akakataa chakula. Wewe wa kawaida ulikojoa kitandani muhula mzima, na leo ni mhasibu.

Daftari lake likirudi jeupe usimwonyeshe sura ya msiba. Mpaka Juni mimi ningetaka mambo matatu tu: aijue njia, akiweze choo, na awe na mtu mzima mmoja pale anayemkimbilia akiogopa. Herufi zitamkuta.

Unakumbuka siku uliyonipeleka Neema Crafts, ule mgahawa wa hapo Iringa wanakofanya kazi watu wenye ulemavu? Kijana asiyesikia akaja kutuhudumia, nikamwonyesha chai kwa kidole kwenye orodha, akacheka, akanifundisha kusema asante kwa mkono. Uliniuliza mbona nimenyamaza, nikasema nimechoka na safari. Nilikuwa namfikiria yule msichana wa dirishani. Siku hizi angekuwa mtu wa miaka arobaini na kitu.

Kwenye mfuko wa ndizi, chini kabisa, kuna kipande cha rimu ya gari na nondo fupi. Fundi wa pale stendi alinikatia bure. Najua kengele za shule zetu ni hizo hizo, zinaning'inizwa kwenye mti na kugongwa kwa chuma, na najua Lusajo atakavyoruka siku ya kwanza. Itundike nyuma ya nyumba. Usimgongee wewe, mpe nondo aigonge mwenyewe, polepole, atakapotaka. Majirani waombe radhi kwa niaba yangu.

Mimi nitafika wiki ya kufungua. Niambie saizi ya viatu vyake.

Baba yako,
Tukuyu