Stima ikirudi kompyuta zinapotezana

SWALI: Asalam aleikum mhariri. Mimi ni fundi kompyuta hapa Langoni, Lamu. Kuna gesti ya Shela nimewawekea mfumo kwa kompyuta tatu, moja ya buking, moja risiti, moja yatuma meseji kwa wageni, sasa stima ikikatika ikarudi ruta inazipa IP mpya (anwani ya kompyuta kwenye netiwaki) na kila moja inamtafuta mwenzake pale pa zamani, basi kazi yote inasimama. Nasikia kuna namna programu zinajuana zenyewe, nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Leo hii ingia kwa ruta uifungie kila kompyuta IP yake, gesti ifanye kazi. Ila hiyo haikwambii kama programu ya risiti iko hai au imeganda, na hapo ndo penye utamu.

Kujuana kuko kwa njia mbili. Moja, anayetafuta anauliza netiwaki nzima na mwenye huduma anajibu, ndo mDNS hiyo, anwani 224.0.0.251 poti 5353, simu yako inavyoiona printa bila kuandika chochote (ila haivuki netiwaki, wifi ya wageni ukiitenga haitaona kitu). Ya pili ni rejista, kila huduma inajiandikisha pale, mfano programu ya Consul, au Eureka ya Netflix. Kwa kompyuta tatu mi ningebaki na ya kwanza, rejista nayo ikizima ushaongeza kitu cha kuharibika.

Sasa kujiandikisha ni rahisi, kazi iko kwenye kufutwa, maana programu iliyokatiwa stima haiagi. Mfumo wa Jini, wa kujuana huduma, wa kampuni ya Sun Microsystems ulitoa kibali cha muda, usipokifanya upya jina linaondoka. Eureka kwa kawaida huduma inajitangaza kila sekunde 30, ikinyamaza 90 inatolewa, na hizo sekunde zote wenzake bado wanaipelekea kazi wakidhani ipo. Ukifupisha muda netiwaki inajaa salamu, ukirefusha mgeni anangoja meseji ya programu iliyokufa zamani.

Kwa hivyo kabla ya kuandika kodi ya programu chora modeli, yaani mchoro wa mfumo unavyofanya kazi. Watafiti wa NIST, taasisi ya viwango kule Marekani, walizifanyia hivyo Jini na UPnP (njia nyingine ya vifaa kujuana), wakakata mawasiliano makusudi ndani ya modeli waone nani anajua nini na baada ya muda gani. Wewe karatasi yatosha: zima risiti buking ikiwa katikati, halafu andika buking inafanya nini kila sekunde mpaka igundue, inajaribu tena au inaweka foleni? Na hiyo ruta inunulie UPS bwana, betri ya kuishikilia stima ikikatika.