Jibu: Kupitisha transfoma kubwa kutoka bandarini Dar hadi Kibaha

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuupakia huo mzigo kwenye tela la kawaida, utoke usiku kimyakimya. Usijaribu. Kikomo cha uzito wote wa gari na mzigo Afrika Mashariki ni tani 56, na ukizidi hapo, au ukizidi upana na urefu, unahitaji kibali maalumu cha mamlaka ya barabara. Kibali hupewa mzigo usiogawanyika, kama hiyo transfoma. Shehena inayoweza kupunguzwa watakuambia uipunguze.

Kinachotesa watu hasa ni kimo. Usipime mzigo ukiwa chini; upime ukiwa juu ya lobedi (tela la chini la mizigo mizito), na matairi yamejazwa upepo. Kisha pita njia nzima na gari dogo na fito ndefu: Barabara ya Mandela, chini ya daraja la Mfugale pale TAZARA, Ubungo, halafu Barabara ya Morogoro. Madaraja yanajulikana, ila nyaya zinazoning'inia mitaani hakuna anayekuambia. Mimi niliwahi kukwama saa mbili kwa sababu ya waya mmoja tu wa simu, daladala zote nyuma yangu zikipiga honi!

Gari la kusindikiza liwe mbele na lingine nyuma, vitambaa vyekundu kwenye kingo, na utingo wawili wanaojua kupiga kelele. Bodaboda watajipenyeza hata chini ya tela. Kona ya Ubungo ndiyo ya kuogopa, lobedi hukata kona kwa ndani. Ekseli zako ni ngapi, na mzigo una kimo gani? Taja nikushauri zaidi.