Unguja–Toronto: kilomita 12,800, mbona masaa 22?

Ndugu yetu wa Wete, umeuliza mbona tiketi ya Toronto inachukua masaa 22 wakati wewe umepata kilomita 12,800 na masaa 14. Hesabu hiyo si ya uongo, ila ni ya ndege isiyokuwepo. Ya moja kwa moja hakuna. Hizo 12,800 ni njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia: unatoka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, kaskazini-magharibi, unakata Sahara, unapita Moroko ndipo unaingia Atlantiki. Ramani ya ukutani itakupeleka Kongo, Nigeria na Mali kisha baharini, kwa sababu imelazwa bapa.

Na hayo masaa 14, waliokupa hesabu wamegawa kwa kilomita 900 kwa saa tu. Gawa kwa 850, kisha ongeza dakika 40 kwa kila mruko, za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Sasa pima njia zenyewe. Kupitia Doha: 3,750 halafu 10,880, jumla kama 14,630. Istanbul: 5,390 na 8,170, kama 13,560, yaani kama masaa 17 ya ndege; yanayobaki hadi 22 ni ya kungoja ndege ya pili. Addis ni 1,690 na 11,500, fupi kuliko zote kwa kilomita, lakini uwanja wake uko juu zaidi ya mita 2,300. Hewa nyepesi, ndege hairuki na mafuta yote inayoyataka, na ndiyo maana kwa miaka mingi safari za huko kwenda Amerika zimekuwa zikitua Ulaya kujaza. Uliza kama tiketi yako ina kituo hicho. Hushuki, ila saa nzima au zaidi inaliwa.

Kwenda ni kurefu kuliko kurudi. Upepo wa juu, kilomita 9 hadi 12, unavuma kutoka magharibi, na wakati wa baridi ya kaskazini (Desemba hadi Februari) unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda unaupiga kifua, kurudi unakusukuma mgongoni.

Saa za tiketi ndizo zinazowapoteza wengi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Chukua mfano: kuondoka 03:10, kufika 17:00 siku ile ile. Utaona masaa 13 na dakika 50, ongeza 8 ambazo Toronto iko nyuma yetu, ndiyo 21 na dakika 50. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba ongeza 7, maana Toronto wanasogeza saa, sisi hatusogezi.

Hiyo 03:10 ni saa tisa na dakika kumi usiku. Ikiwa imeandikwa Ijumaa, basi ni usiku wa kuamkia Ijumaa: uwe kiwanjani Alhamisi usiku. Wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia huo huo. Vijana wanaelewa usiku unaofuata, na ndege inaondoka bila wao.

Kwako wewe wa Pemba, kuna mruko wa Chake hadi Unguja, kama nusu saa, na mara nyingi tiketi yake ni ya peke yake. Tiketi zikiwa mbili, begi halipitilizi: unalichukua Unguja na kulipeleka upya, na ndege ndogo ikikwama kwa mvua, ile kubwa haikungojei. Vuka siku moja kabla. Tena ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15, na begi la safari ndefu huwa 23. Kilo 8 za ziada zilipie mapema, au zitangulize kwa boti.