Siku ya Wafu ya Meksiko na Halloween ni sikukuu mbili tofauti
Wengine hudhani kwamba Siku ya Wafu ya Meksiko ni Halloween iliyobadilishwa jina tu. Sivyo, ingawa zote mbili zinafuata kalenda ya Kanisa Katoliki. Halloween ni mkesha wa Watakatifu Wote, yaani usiku wa Oktoba 31, na mara nyingi huhusishwa pia na Samhain, sikukuu ya kale ya Ireland iliyofungua majira ya baridi. Wameksiko wao huadhimisha Novemba 1 na 2, na tarehe hiyo ya pili ndiyo Kumbukumbu ya Marehemu Wote, iliyoenezwa na Odilo, abate (mkuu wa monasteri) wa Cluny, Ufaransa, kuanzia mwishoni mwa karne ya 10; ndiyo hiyohiyo ambayo Wakatoliki wa kwetu huisomea misa na kubarikia makaburi.

Tofauti kubwa iko katika namna marehemu anavyopokewa. Kwa Wameksiko yeye ni mgeni wa familia, anayeandaliwa altare nyumbani yenye picha yake, mishumaa, maua ya rangi ya machungwa yaitwayo cempasúchil na chakula alichokipenda, ilhali vinyago vya Halloween havimhusu marehemu yeyote wa ukoo. Kwa hilo Siku ya Wafu iko karibu zaidi na Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Korea, ambako wazao husafisha makaburi na kuwatengea mababu chakula.

Mara nyingi husemwa pia kwamba Siku ya Wafu ilitoka kwa Waazteki, watu waliotawala Meksiko kabla ya Wahispania; asili hiyo, hata hivyo, isitajwe kana kwamba imethibitishwa yote. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani kilitoka kwao na kiasi gani kililetwa na Wahispania.