Mume Aliyetoweka na Mchumba Mpya

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninaandika riwaya ya mapenzi na taharuki kuhusu kijiji kimoja cha eneo la Bunyoro, Uganda, ambako watu wanatoweka mmoja mmoja. Je, mhusika wangu, ambaye mumewe naye ametoweka, anaweza kuolewa tena? Msomaji, Masindi.

JIBU: Marahaba. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Uganda, mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake huweza kuhesabiwa amekufa, hivyo harusi ya mwaka wa pili itakuharibia kisa, ilhali mwaka wa 6 ndio wenye utamu: mchumba anahesabu miezi, na mama mkwe bado anamwekea mwanawe chakula. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, usimfanye mhalifu. Mimi ningemshuku tangu ukurasa wa kwanza.